Ndizi za Telesfori Jikoni kwa Agnetha

Jumanne asubuhi, wanafunzi wa kambi wakiwa bado wanapiga mswaki nyuma ya mabweni, mzee Telesfori alifika kwenye shimo lake akakuta limekufa.

Shimo lenyewe lilikuwa la kuivishia ndizi. Alilichimba kwa mikono yake pembeni ya shule, hapo Nyaishozi, akalipasha moto, akalitandika majani makavu ya mgomba, akapanga mikungu kumi na miwili ya ndizi za kukamulia, akafukia. Aliacha tundu moja tu la kupulizia moshi. Ndizi zikikaa humo siku tano na joto lake, zinaiva zote kwa mpigo, na ukizikanyaga zinatoa juisi tamu ya kulamba vidole. Sasa tundu lilikuwa linatema matope. Kando yake ndoo tatu tupu zilikuwa zimepangwa kwa adabu kabisa.

"Nani?" aliuliza, na wala hakupaza sauti.

Akajitokeza kijana mmoja mrefu, Mikkel, aliyetoka Denmark. Alisimama wima kama anayesubiri kupongezwa.

"Mimi, Babu. Niliona moshi unatoka ardhini. Nikazima moto." Kiswahili chake kilikuwa cha miezi mitatu, lakini kilieleweka.

"Peke yako?"

"Na Novatus."

Hapo Telesfori ndipo alipochomwa. Mzungu kutojua, sawa, atajulia wapi? Lakini Novatus alikuwa mtoto wa Songambele, kule Kyerwa, amezaliwa katikati ya migomba.

"Wewe nawe hukujua hili ni shimo la nini?"

Novatus alitazama viatu vyake. "Shikamoo, Babu. Kwetu tunanunua soda. Nilidhani mnachoma taka, na tumefundishwa hapa tusichome taka."

Telesfori hakuitikia shikamoo. Alikaa chini kwenye udongo kama mtu aliyepigwa ngwala.

Kambi ile ilikuwa ya wiki tatu. Vijana arobaini kutoka Denmark, Rwanda, Uganda, na hizi wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa walikuwa wakijifunza mila za watu na namna ya kuishi bila kuiharibu ardhi. Tangu siku ya kwanza chupa ya plastiki ilipigwa marufuku getini. Jumamosi ilikuwa siku ya kufunga, na wageni mia moja walialikwa. Jovitha, binti yake Telesfori, mwalimu aliyeongoza kambi, ndiye aliyesimama mbele ya kamati akasema wageni watakunywa juisi ya ndizi iliyokanyagwa na wanafunzi wenyewe, na fundi atakuwa baba yake. Mwenyekiti wa kamati, Rwezaura, mfanyabiashara wa Bukoba, alicheka. "Mzee ana miaka sabini na moja. Mara ya mwisho kukamua ni lini?" Mara ya mwisho ilikuwa miaka tisa iliyopita. Hakuna aliyekuwa akimwita tena. Telesfori aliapa kuwa Jumamosi juisi itakuwapo, na ikikosekana yeye mwenyewe ataaga ufundi hadharani.

Jovitha alipofika shimoni akaona yale matope, alishika kiuno. "Baba, tufukue?"

"Tufukue. Zikikaa kwenye maji zitaoza mbichi."

"Halafu?"

"Halafu zinataka joto na moshi, juu ya mafiga. Kwenye kichanja cha jikoni zitaiva kwa siku nne, moto ukiwa haulali."

Jovitha na baba yake wakatazamana. Wote wawili walikumbuka kitu kimoja. Wiki iliyopita kambi ilipita nyumba kwa nyumba ikijenga majiko banifu, yale ya udongo yanayotumia kuni chache na kutoa moshi nje kwa bomba. Vichanja vyote vya mtaa ule sasa vilikuwa baridi kama sakafu ya kanisa.

"Vyote, isipokuwa kimoja," alisema Jovitha.

"Usimtaje."

"Mama mkubwa Agnetha."

Agnetha alikuwa mjane wa kaka yake Telesfori. Alilikataa jiko jipya mchana kweupe. Na ni Telesfori huyu huyu aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema wapo watu wanaokumbatia masizi wakati dunia inakwenda mbele. Watu walimcheka Agnetha siku ile hadi akaondoka na kanga yake kichwani.

Sasa mzee alitembea kwenda kwake, vijana arobaini nyuma yake na mikungu mabegani.

Agnetha alikuwa mlangoni mwa jiko lake la nyasi, anamenya ndizi. Hakusimama.

"Eeh! Leo mkutano umehamia kwangu?"

"Shemeji, nimekuja."

"Nakuona. Macho ni mazima, mlisema mapafu ndiyo yataoza."

"Nimekuja kuomba kichanja chako."

"Kichanja kipi? Hiki chenye masizi? Dunia haijakiacha nyuma?"

Vijana wa Karagwe waliinamisha nyuso kuficha kicheko. Telesfori alivua kofia. Ilikuwa vigumu kwake kuliko kubeba mkungu.

"Nilikukosea mbele za watu, na mbele ya watu hawa nasema nilikukosea. Moshi wako ndio unaonifaa leo."

Agnetha alimenya ndizi mbili zaidi, taratibu, ili utamu wa maneno yale usiishe upesi.

"Waitu, watu wetu, ingizeni," alisema hatimaye. "Lakini kuni zangu hamgusi. Na yule aliyemwaga maji ndiye atakayechochea."

Basi Mikkel na Novatus wakawa wachochezi. Hawakukata mti. Agnetha aliwafundisha kutumia matawi yaliyopogolewa kwenye mibuni, maganda ya kahawa, na majani makavu ya mgomba, moto mdogo wenye moshi mwingi. Walifunika kichanja kwa majani mabichi, wakalia machozi, wakakohoa, wakapokezana na wenzao kutwa nzima, na kabla ya kulala Agnetha alikuwa anaufukia moto majivuni usife. Siku ya tatu Mikkel alipanda kunusa, akashuka na masizi puani.

"Babu! Zinanukia!"

"Zinanukia nini?"

"Sijui neno. Zinanukia... karibu."

"Neno ndilo hilo hilo," alisema Agnetha.

Jumamosi mchana uwanja wa shule ulijaa. Mtumbwi wa kukamulia, gogo lililochongwa tumbo, uliwekwa katikati, ukajazwa ndizi zilizomenywa. Kando, chini ya turubai, Rwezaura alikuwa ameleta katoni za soda za chupa za plastiki. "Tahadhari tu," alimwambia Jovitha huku akitazama saa.

Novatus na wenzake sita waliosha miguu, wakaingia, wakatia nyasi, wakaanza kukanyaga. Robo saa ikapita. Nusu saa. Ndani kulikuwa na uji mzito uliong'ang'ania vifundo vya miguu, na hakukuwa na tone. Nyuma mtu mmoja akasema, "Hizo zimeiva nusu." Rwezaura akapasua karatasi ya katoni ya kwanza.

Telesfori alikunja suruali. Jovitha akamshika mkono. "Baba, goti lako."

"Goti langu nalijua."

Akaingia. Hakukanyaga kwa nguvu kama vijana. Alisukuma kwa kisigino, akavuta kwa vidole, akaita nyasi zaidi, akaita tena.

"Novatus, mnaponda. Msiponde! Sugua, kama unafuta kamasi ya mtoto, ukigeuza nyasi. Sikiliza mguu wako."

"Mguu unasema nini, Babu?"

"Bado haujasema. Endelea."

Wakasugua pamoja, mzee na vijana, bega kwa bega. Mikkel aliongeza nyasi. Mwishowe sauti ikabadilika. Ule mshindo mzito ukawa mlio mwembamba wa maji, povu la dhahabu likapanda kati ya vidole, na juisi ikapenya nyasi ikajaa upande mmoja wa mtumbwi, safi, inang'aa juani.

"Imetoka!" alipiga kelele Novatus. "Babu, imetoka!"

"Kasinge! Hongera!" uwanja mzima uliitikia kwa shangwe, na vigelegele vya akina mama vikaruka hadi barabarani, bodaboda wakasimama kuuliza kuna harusi gani.

Telesfori alichota kibuyu cha kwanza. Kwa desturi ya kwao fundi ndiye anayeonja. Alishuka mtumbwini miguu ikidondosha povu, akapita mbele ya mwenyekiti na wageni rasmi, akampa Agnetha kwa mikono miwili. Agnetha alikunywa taratibu, akafuta midomo.

"Ina moshi kidogo," alisema.

"Ina moshi wako."

"Basi ni tamu."

Wageni mia moja walikunywa, wengi vikombe viwiliviwili, na hakuna chupa iliyofunguliwa. Rwezaura mwenyewe alirudi kwenye foleni mara ya tatu, na Jovitha akamjazia hadi juu. Novatus alikuwa bado ndani ya mtumbwi, amelowa hadi magotini, akiwaonyesha wavulana wawili wa Denmark na msichana wa Rwanda jinsi ya kugeuza nyasi.

"Msiponde!" aliwafokea. "Sugueni!"