Mateke Chini ya Meza

Siku tuliyomzika baba yake, mume wangu Firmin Lacaze aliapa mbele ya watu kwamba pua yake ikimsaliti atatoa funguo za ghala la divai na hatakanyaga tena mle ndani. Nilikuwepo, nilisikia, na tangu hapo kiapo kile kikawa mwiba wangu. Maana baba mkwe naye, pua ilipomsaliti, alizitoa hivyohivyo. Alizitoa mwezi wa kumi na moja, akaketi kwenye kiti karibu na moto jikoni mwangu, akawa hasemi, hali, haulizi hata mvua imenyesha kiasi gani. Pasaka hakuiona.

Sisi ni watu wa Fronsac, kilima cha wakulima wa divai. Ukisimama juu ya shamba letu siku isiyo na ukungu unawaona majirani zetu wa Saint-Émilion, ambako majumba ya divai yana madaraja ya ubora, na kila baada ya miaka kama kumi watu wanavurugana kuhusu nani kapanda na nani kashushwa. Kule Médoc madaraja yaliandikwa mwaka 1855, na aliyepata amepata. Burgundy hata hawahangaiki na majumba; cheo hupewa udongo wenyewe, safu hii ya mizabibu ni malkia na ya ng'ambo ya ukuta ni mpishi. Sisi hatuna cheo chochote. Tuna jina la kilima kwenye lebo, basi. Kwa hiyo mtu wa Fronsac akiharibu divai hana pa kujificha, na akiipatia, sifa ni ya mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana Firmin aliringia pua yake kuliko kitu chochote, mimi nikiwemo.

Kazi ya pua ni Februari. Chini, kwenye udongo wa mfinyanzi, tuna Merlot, zabibu inayoiva mapema na kutoa divai laini iliyonona. Juu, kwenye mawe ya chokaa, tuna Cabernet Franc, ambayo huku kwetu tunaiita Bouchet. Hiyo ni kaidi, inachelewa, lakini ndiyo inayoipa divai harufu na uti wa mgongo. Kila pipa hukaa kivyake kipindi cha baridi, kisha siku moja unapanga glasi mezani, unanusa, unaonja, unaamua sehemu ngapi za hii na ngapi za ile, na pipa gani libaki nje. Ukishachanganya, umeshachanganya.

Miaka mitatu iliyopita Firmin alishikwa na homa mbaya. Akapona. Asubuhi moja natoka kuwalisha kuku, harufu ya maziwa yaliyoungua ikanipokea mlangoni, na mume wangu ameketi hatua mbili kutoka kwenye jiko, ameligeuzia mgongo, anasoma gazeti kwa raha zake. Nilizima moto. Alinitazama, akaitazama sufuria, akarudi kwenye gazeti. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua.

Februari ile aliketi ghalani mbele ya glasi kumi, na binti yetu Maylis, ambaye anafanya kazi kwenye maabara ya divai mjini Libourne, anasubiri upande wa pili wa meza na daftari lake. Mimi nilikuwa kwenye benchi kando ya Firmin. Glasi zote nilikuwa nimezinusa tangu asubuhi wakati wa kuzimimina, kwani nani mwingine huosha glasi katika nyumba hii? Alipoinua ya kwanza nikampiga teke dogo kwa kiatu changu cha mbao. Teke moja, inafaa. Ya tatu nikampiga mawili, iache. Hakushtuka hata kidogo; alielewa papo hapo. "Hii tuiache," akasema kwa ile sauti yake ya askofu, na Maylis akaandika.

Tukaendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Divai ikasifiwa. Mnunuzi mmoja kutoka Ubelgiji alimshika Firmin bega akamwambia mkono wake umekuwa mwepesi uzeeni. Kweli ulikuwa mwepesi, kwa sababu ulikuwa mguu wangu. Nilikuwa nimeongeza Bouchet; Firmin, kama baba yake, alijaza Merlot mpaka divai inalala usingizi ndani ya chupa. Nilisimama pale na sahani ya jibini, nimefurahi na nimeumia, siwezi kudanganya. Lakini nilipomwona anashuka ghalani anapiga mluzi, funguo zinalia kiunoni, nilisema moyoni: chukua tu sifa, mzee, ilimradi uishi.

Mwaka huu nikazidisha. Pipa la saba lilikuwa limeharibika, linanuka zizi la farasi. Ningeweza kuliacha lisifike mezani kabisa. Lakini nilitaka Firmin alikamate mbele ya binti yake, aonekane. Nikaliweka mwisho, glasi ya kumi.

Maylis alifika Jumamosi asubuhi. Alitubusu, na badala ya kwenda kwenye kiti chake cha kila mwaka, akajipenyeza kwenye benchi katikati yetu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka sita.

"Sogeeni. Nimewakumbuka."

"Jitu zima la miaka arobaini," nikamwambia. "Hebu nenda kakae kwako."

"Kwangu ndio hapa. Baba, anza. Nimepita jikoni nimesikia harufu ya supu ya vitunguu saumu, njaa inaniuma."

Firmin alinitazama juu ya kichwa cha binti yetu. Tumeoana miaka arobaini na mitatu na sikuwahi kuona macho yale. Nilijaribu kurefusha mguu nyuma ya miguu ya Maylis, nikaambulia hewa.

Akaanza. Tisa za kwanza zote zilikuwa nzima, namshukuru Mungu, na ulimi wake ulikuwa bado unajua laini na kali. Alizungusha glasi, akaitazama kwenye mwanga, akasema maneno yake ya kiaskofu, akafika salama. Kisha akainua ya kumi. Akaingiza pua ndani, akafumba macho muda mrefu.

"Hii," akasema polepole, "hii ndiyo roho ya mwaka huu. Iingie yote."

Kalamu ya Maylis ilisimama. Nikatupa mguu kwa nguvu zangu zote, mara mbili.

"Mama! Mguu wangu huo! Unanipiga mateke ya nini?"

Maylis akachukua glasi ya kumi, akainusa, akakunja uso. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, kisha akainama akatazama chini ya meza. Mwanangu si mjinga.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?" nikawaka. "Baba yako ana mafua. Mtu hawezi kupata mafua?"

"Josette," Firmin akasema. "Basi, mama. Basi." Akaisukuma glasi mbali naye. "Tangu ile homa, Maylis. Sisikii harufu yoyote. Ungechoma moto nyumba nzima nisingejua. Zote ulizoandika kwenye hilo daftari ni za mama yako. Mimi nilikuwa nasoma mateke tu."

"Na ile ya mwaka juzi? Ile niliyowapelekea wenzangu kazini, wakasema baba yako kazaliwa upya?"

"Mguu wa kulia wa mama yako huo."

Maylis alicheka, kisha akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakaendelea kutikisika hata kicheko kilipokwisha. Firmin akapeleka mkono kiunoni, akafungua ndoano, akashika funguo.

"Ukiziweka mezani hizo," nikamwambia, "mimi naondoka."

"Utaenda wapi?"

"Popote! Siwezi kukutazama kwenye kiti cha baba yako, Firmin. Sitaweza. Nimekupiga mateke miaka yote hii nisikuone kwenye kile kiti!"

Nililia, na hasira ya kulia ikanifanya nilie zaidi. Yeye akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wa Maylis mpaka ukafika begani kwangu.

"Niliapa kutoa funguo," akasema. "Sikuapa kufa."

"Uliapa hutakanyaga ghalani."

"Mwenye ghala akiniita, nitafanyaje? Na mapipa nani atayaviringisha? Utayapiga mateke?" Akaziweka funguo mbele yangu, pale penye doa la glasi ya kumi. "Chukua, Josette. Zilikuwa zako, nikawa natembea nazo tu. Aibu ilikuwa inanila."

Nilizichukua. Zilikuwa na joto la mwili wake.

Tukapanda jikoni kula. Huku kwetu mtu akimaliza supu hubakiza kidogo chini ya bakuli, akamimina divai nyekundu juu yake, akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa. Tunaita chabrot. Lakini katika nyumba ya akina Lacaze, siku ya kuchanganya, hunywa mmoja tu, yule aliyechanganya, na hajawahi kuwa mwanamke. Baba mkwe alikunywa, Firmin akanywa, mimi nikaosha bakuli.

Firmin alimaliza supu yake mpaka tone la mwisho, akapangusa bakuli kwa mkate. Kisha akaisukuma chupa kwangu.

"Sijui kunywa hivyo," nikasema. "Nitajimwagia."

"Jimwagie."

Nikamimina, nikainua, nikanywa, na nikajimwagia kweli, mpaka shingoni. Maylis akapiga makofi. Firmin hakupiga. Alikuwa amevuta kiti chake karibu nami, magoti yetu yanagusana, na safari hii hapakuwa na wa kumpiga teke mwenzake.

"Inanukia nini?" akauliza.

"Ile Bouchet inanukia penseli zilizochongwa sasa hivi. Za Maylis, alipoanza shule."

"Na Merlot?"

"Plamu za mama yako zinachemka kwenye ile sufuria ya shaba."

"Zimeshaiva?"

"Bado kidogo."

Alifumba macho akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayezikoroga. Nikadhani amemaliza. Kisha akainama, akaweka pua yake shingoni kwangu, pale ilipomwagikia divai, mbele ya binti yake mtu mzima, akatulia hapo.

"Na wewe?" akasema. "Bado ni ile sabuni yako ya zamani?"

"Ni ileile," nikamwambia. "Sijabadilisha."