Pumzi ya Mbaraka

Tulipokwisha kumzika mume wangu Mbaraka, wifi yangu Sharifa alipigilia ubao kwenye dirisha la chumba changu. "Mjane haonwi na wapita njia," alisema. Chumba kikawa giza mchana kutwa. Kisha akaniletea mjukuu wangu Husna, mtoto wa miaka mitatu, alale nami nisikae eda peke yangu. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Akamlaza upande wa ukutani, alipokuwa akilala babu yake.

Mbaraka alikufa kwa kifua kikuu. Alikohoa masika yote akisema ni baridi ya milimani tu, mpaka ilipokuja damu, na tukawa tumechelewa. Husna ndiye alikuwa mtoto wa mapajani mwake. Walikunywa uji kikombe kimoja, wakaota moto jikoni na mlango umefungwa.

Alasiri moja nilikuwa bado kwenye mswala, nikamsikia Mbaraka anakohoa nyuma yangu. Ni kikohozi chake hasa, kikavu, kinachoishia na filimbi ndogo kooni. Sikugeuka. Nilimaliza uradi wangu kwanza, ndipo nikatazama. Kitandani alikuwepo Husna peke yake, amelala, mdomo wazi.

Sharifa naye alikisikia akiwa uani anachambua mboga.

"Babu yake anamwita," akasema. "Au wewe husikii?"

"Nasikia. Lakini maiti haikohoi, wifi."

"Maiti za kwenu hazikohoi. Kaka yangu alikuwa mbishi tangu utotoni."

Tukacheka kidogo. Kikohozi kikaja tena kutoka chumbani, na kicheko kikatukauka mdomoni.

"Kesho namteremsha Husna Mazinde," Sharifa akasema kwa sauti ya chini. "Kuna fundi anayewatenganisha watoto na wafu wao. Tukingoja, babu yake atamchukua."

Nilikaa namwangalia mtoto. Kigauni cha Idi kilikuwa kinamning'inia mabegani. Bada, ugali wa muhogo aliokuwa akiulilia zamani, aliisukuma pembeni. Alfajiri, ukungu umeshuka na sisi tumejifunika mablanketi, shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nilikwisha kuyaona yote hayo, kitanda hichohicho, upande uleule. Ama kweli niliogopa. Nilijua Mbaraka hawezi kurudi, lakini kitu chake kilikuwa kimebaki humu ndani.

Kulipopambazuka nikajitanda nguo zangu za eda, nikambeba Husna mgongoni.

"Unakwenda wapi?" Sharifa akasimama mlangoni.

"Hospitali, Lushoto."

"Na eda?"

"Mjane hutoka kwa dharura, dini inaruhusu. Kama hii si dharura, dharura ni ipi?"

"Watu watasema umeshachoka kumlilia."

"Waseme. Nipishe, wifi."

Alinipisha.

Nesi aliyetupokea anaitwa Evelina, binti wa kijiji cha Gare. Aliniamkia shikamoo, akamsikiliza mtoto kifua, akampeleka apigwe picha ya kifua. Mtoto mdogo hajui kutoa makohozi, huyameza, kwa hiyo wakapima choo chake. Majibu yalipotoka akanikalisha pembeni.

"Bibi, ni kifua kikuu."

"Amekitoa kwa babu yake?"

"Kwa babu yake. Alipokohoa, vijidudu vilibaki hewani mle jikoni, mtoto akavivuta. Kikombe hakina kosa."

"Nami nililala naye chumba kimoja. Mbona mimi mzima?"

"Mwili una askari wake, bibi. Wakivikamata vijidudu na wakashindwa kuviua, huvizungushia ukuta, vikalala humo. Ukuta wako umekomaa. Wa Husna ni udongo mbichi, vimeubomoa."

"Kwa hiyo vyangu vimo, vimelala?"

"Huenda. Vinaweza kulala miaka, vikaamka mwili ukichoka. Ndiyo maana na wewe nitakupa vidonge."

Tulirudi na dawa za miezi kadhaa. Niliung'oa ule ubao wa dirishani kwa panga ili hewa ipite, Sharifa akinitazama tu. Nikamnywesha Husna dawa kila asubuhi, analia, namshika pua, anameza. Jasho likaanza kupungua, kisha kikohozi. Siku alipoomba bada ya pili nilisujudu palepale jikoni.

Jioni hiyo nikamweleza Sharifa habari ya ukuta. Alisikiliza bila kunikatiza, akinitazama kifuani.

"Kwa hiyo kaka yangu yumo humo?"

"Ni vijidudu, wifi. Mbaraka yuko kwa Mola wake."

"Lakini vilitoka kwake."

"Vilitoka kwake."

Akasogeza mkeka wake mbali nami kidogo.

"Kusogea hakusaidii," nikamwambia. "Ni nani aliyemuuguza mle ndani nilipokwenda shamba? Ni nani aliyemwinua akikohoa, uso kwa uso?"

Sharifa alitulia kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje, kisha mkono wake ukapanda polepole, ukakaa juu ya kifua chake mwenyewe.

"Asubuhi tutakwenda wote," nikasema.