Pikipiki Iliyomkataa Mkwe

Sipendi pikipiki yenye tabia mbili. Mbovu iwe mbovu, nzima iwe nzima, mtu ujue moja. Ile ya Jafari ilikuwa ya mizigo, haibebi abiria. Siku nzima hapa Nangurukuru inabeba madumu, inabeba samaki, imewahi kubeba hadi mbuzi, na wala hailalamiki. Akipanda mama mkwe wake mtarajiwa, inaanza kukohoa: pu, pupu, kimya, pu. Akishuka, imepona.

"Fundi, nisaidie, naharibikiwa," Jafari aliniambia Ijumaa ile asubuhi.

Mkwe mwenyewe ni Bi Salima wa Somanga, mama yake Fauzia. Kila Ijumaa huenda Masoko kwa dada yake, na kipande cha kutoka hapa hadi Masoko aliamuru abebwe na Jafari, ampime kijana kabla ya kumkabidhi binti. Ijumaa ya kwanza pikipiki ilimzimikia mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Vijana wakacheka, na mmoja akasema leo Jafari kazidisha mzigo. Ijumaa ya pili ikamzimikia palepale. Bi Salima akashuka, akakung'uta baibui lake, akasema, "Chombo chako hakinitaki, mwanangu. Kikinikataa mara ya tatu nitajua na mwenyewe hanitaki, na posa yako nitairudisha."

Ijumaa ya tatu ndiyo hiyo sasa, na basi lake hufika saa tano.

Mimi Likwata nimefungua injini kwa miaka kumi na minane. Plagi nilikuwa nimeshabadilisha. Kabureta nilikuwa nimelisafisha mpaka ungeweza kulinywea chai. Nikamwaga petroli yote, nikatia mpya, nikapanda mwenyewe na kwenda resi hadi kilimani na kurudi. Haikumisi, haikukohoa hata mara moja. Nilikasirika, nikaipiga teke, nikaumia kidole.

"Labda kweli ni uzito," Jafari alinong'ona huku akitazama chini.

Tukaifunga magunia mawili ya korosho, moja kulia, moja kushoto. Jafari akazunguka nayo stendi nzima, ikanguruma safi kabisa. Hapo nilimwonea huruma Bi Salima, maana magunia yale yalikuwa mazito kuliko yeye na mimi tukiwa pamoja. Mama wa watu alikuwa amechekwa bure.

"Ni udi," alisema dereva mmoja wa bodaboda. "Yule mama anajifukiza udi mkali, unaingia kwenye kabureta."

Nilimtupia spana namba kumi, ikamkosa. Kisha nikainama nikalinusa kabureta, maana huwezi kujua.

Antonia, mama lishe wa banda la jirani, alikuwa akikuna nazi na kutusikiliza. "Nyie wanaume," alisema, "nani kati yenu amepanda kama anavyopanda mama?"

"Kwani anapandaje?" nilimuuliza Jafari.

"Fundi! Mkwe anaangaliwa?"

Nilimwelewa. Safari zote mbili alikuwa ameendesha shingo imekauka, hathubutu kugeuka, sembuse kumuuliza mama wa watu amekaaje.

"Anakaa upande," Antonia alisema. "Ana baibui, atajitanuaje? Miguu yote kushoto."

Miaka kumi na minane, na sijawahi kujaribu pikipiki kwa upande.

"Basi panda wewe, tuone," nilimwambia.

"Nina wali jikoni. Panda wewe, fundi ni nani?"

Nikapanda kwa upande. Mara mbili mguu wangu wa kulia ukarudi wenyewe ng'ambo kwa mazoea. Antonia akachoka kunitazama, akaja na kanga yake, akanifunga kuanzia kiunoni hadi chini ya magoti na kukaza fundo.

"Sasa tulia," aliniambia.

Jafari akaiondoa. Hatukufika mbali: pu. Pupu. Pu! Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Jafari kiunoni nikipiga kelele, "Inamisi! Alhamdulillahi, inamisi!"

Injini ikazima. Tulikuwa tumesimama mbele ya basi la Somanga, na mlangoni, mkoba mkononi, alikuwepo Bi Salima.

"Shikamoo mama," nilisema.

Hakuitika. Alikuwa akiitazama kanga.

"Shikamoo," nikarudia, nikaruka ili nishuke kwa heshima, nikasahau fundo, nikaanguka kifudifudi. Jafari alifumba macho. Posa niliiona inaondoka na basi.

"Imekuzimikia?" Bi Salima aliuliza.

"Imenizimikia, mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Inamkataa yeyote anayekaa upande. Si uzito, mama. Magunia mawili ya korosho yamepita hapahapa."

"Marahaba," alisema Bi Salima, akakaa kwenye benchi la Antonia kama aliyetua ndoo.

Nikafunguliwa kanga, nikang'oa siti. Chini, upande wa kushoto, kipande cha mpira kinachoiinua siti hakikuwepo. Ukikaa katikati hakuna neno. Ukikaa upande, chuma cha siti kinashuka na kuubana waya wa koili, moto haufiki kwenye plagi. Waya ulikuwa umechubuka. Niliuzungushia tepu na kuusogeza pembeni.

"Wiki mbili," Bi Salima alisema. "Wiki mbili nimeacha wali wa nazi. Nalala na njaa. Kumbe waya?"

Hakuna aliyecheka. Yule kijana aliyesema Jafari kazidisha mzigo alikuwa anatazama ndala zake. Antonia alipakua sahani bila kuulizwa, samaki juu, mchuzi juu. Bi Salima akala yote, akaongezwa, akala tena.

Mimi nilichakura kopo langu la skrubu, nikapata kipande cha mpira kilichoingia pale sawasawa. Kilikuwa humo tangu mwezi uliopita, nilipomwekea Jafari kava jipya la siti, nikakiona kimebaki na kujiuliza ni cha nini.

Bi Salima akanawa, akapanda kwa upande, akamshika Jafari begani. Injini ikanguruma bila kikohozi.

"Twende, baba," alimwambia, na Jafari akatabasamu mpaka masikioni. Kisha mama akanigeukia mimi. "Na huo mpira, fundi, ulipotelea wapi?"

"Shikamoo mama," nilisema.