Nusu ya Hamira

Ndoo zilikuwa mbili, ndogo, pacha. Tope aliziosha kwa mikono ile ile, akazijaza maji ya kimea yaliyochemka katika sufuria moja. Tofauti ilikuwa hamira tu: ndoo ya kwanza pakiti nzima, ya pili robo. Bia ya laga huchachuka kwenye baridi, na kwenye baridi hamira ni mvivu, hutaka wenzake wengi. Tope alitaka kuona ubahili ungemfikisha wapi.

Wiki mbili baadaye, alipoitoa ndoo ya pili kwenye friji na kuifunua, harufu ilimpiga kofi. Mayai viza. Na nyuma ya mayai, tufaha bichi.

Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango. Harufu hii aliijua! Ndiyo iliyotoka kwenye tangi la kiwanda mwaka ule alipofukuzwa. Meneja alisimama mbele ya wafanyakazi wote, leso puani, akatangaza kwamba bia imeharibiwa na mwosha matangi mwenye mikono michafu. Jina la Tope lilizaliwa pale pale, likamfuata mpaka nyumbani. Hata mama yake mzazi, kikombe alichokiosha Tope hukisuuza tena kabla ya kunywea.

Akafunua ndoo ya kwanza. Safi. Yanukia mkate.

Mikono ile ile!

"Kaka! Hebu njoo huku!"

Kaka yake, ambaye kiwandani ndiye aliyekuwa akimwaga hamira matangini, alikuwa sebuleni na mama, akingoja kuonjeshwa. Aliingia jikoni akicheka. "Vipi, Tope, umeshalewa kabla ya wageni?"

"Nusa hiyo."

Akanusa. "Aa, hamira haikutosha hapa," akasema, kisha akauma mdomo. Kicheko kilikuwa kimeshakufa.

"Mwaka ule, kaka. Ulimwaga kiasi gani?"

"Nusu." Kaka aliisemesha sakafu. "Meneja alisema hamira ni ghali, tubane matumizi. Nikamwambia haitatosha. Akasema, wewe mwaga tu."

"Waliponifukuza, ukanyamaza."

"Nilikuwa na watoto, mdogo wangu."

"Na mimi nilikuwa na nini? Kuku?"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hilo Tope alikuwa amelizoea. Wakubwa hukosea, wadogo hulipa, hakuna kiwanda kisichojua wimbo huo. Lakini huyu! Huyu aliyekula mezani kwake miaka yote, akitafuna nyama na kumwita Tope!

"Twende ukamwambie mama."

"Mama ni mzee, utamuua kwa mshtuko."

"Mimi umeniua mara ngapi? Tangulia."

Kaka alisema yote, kidevu kifuani. Mama alimtazama mwanawe mkubwa kama mtu aliyeingiliwa na mgeni asiyebisha hodi.

Tope aliosha kikombe, akampa. Mkono wa mama, kwa mazoea, ukaenda kwenye jagi la maji ya kusuuzia. Ukafika, ukasita.

"Miaka yote hii," alinong'ona. "Mwanangu."

Akalisukuma jagi mpaka mbele ya yule mkubwa.

"Wewe," akasema, "nawa."

Kisha akamnyooshea mdogo kikombe, hakijasuuzwa, amiminiwe bia.