Chuma Nyuma ya Kochi

Nilipotaka kununua lile pikapu la mtumba, baba mkwe alisema litanitia aibu. Mke wangu akamkatiza mbele ya wajomba zake wote: "Baba, mume wangu anajua magari." Kwa maneno hayo tu nikajikuta nalala chini ya gari kila jioni, nisimwangushe.

Ukweli ni kwamba ujuzi wangu ni kuwasha, kuzima, na kufungua boneti nikakuna kidevu. Pikapu lina mkono mdogo wa gia unaounganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, yavute yote manne. Siku ya kwanza niliuvuta, nikauacha hapohapo. Nimelipia manne, nitembelee mawili kwa nini? Sikujua kuwa mkono ule ni wa tope na mchanga, na kwamba kwenye lami kavu vyuma vinakabana kila ukikata kona.

Vikakabana kweli. Kona ya sokoni gari liligonga ngo! ngo! mpaka muuza viatu akasogeza meza yake. Nikabadilisha beringi. Ngo! Nikabadilisha krosi. Ngo! Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye difu, lile bonge la gia chini ya gari, na sikio kwenye mpini, kama daktari, nikaambulia sikio lenye grisi. Mwishowe nikafungua propela shafti ya mbele, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya mbele, nikakilaza nyuma ya kochi, nikazunguka mtaa. Kimya! Nilipiga honi kwa furaha.

"Nimeukamata ugonjwa," nikamwambia mke wangu.

Akakitazama chuma, akanitazama mimi. "Sasa ya mbele yatavutwa na nini?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu," nikamjibu.

Jumapili baba mkwe akataka kupelekwa shambani. Alikaa mbele na suruali yake nyeupe iliyonyooshwa pasi, mke wangu nyuma. Kwenye lami hatukusikia hata mlio.

"Kumbe gari zima hili," mzee alisema. Kichwa kikanivimba.

Njia ya shambani ilikuwa imelowa mvua. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, tukazama. Ya mbele yametulia tu, kama wageni wanaongoja kuandaliwa chakula.

"Si ulisema yanavuta yote manne?" mzee akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akawahi. "Chuma cha mbele kiko nyumbani, baba. Mimi ndiye niliyemwambia akitoe. Kelele zilinichosha."

Mzee akamgeukia. "Wewe na magari wapi na wapi?" Akamsema hadi akaishiwa pumzi. Mke wangu alikuwa keshashuka, viatu mkononi, tope magotini, akiitikia tu, "Samahani, baba."

Nilishindwa kuvumilia. "Baba, hana kosa. Nimekitoa mwenyewe. Magari siyajui, na hata huu mkono sijui kazi yake."

Mke wangu akanitazama dirishani, macho yamemtoka.

"Yaani nimesemwa bure?"