Kola Iliyogeuzwa

"Sikiliza hii sasa," Chaji alisema, akaisogeza simu karibu na pua kama mtu anayenusa mchuzi. "'Mheshimiwa anasema bajeti imebana. Imebana wapi? Mbona yeye kaachiwa pana kiunoni?' Hahaha! Huyu Sindano huyu! Siku nikimjua, soda yake iko kwangu."

Dada Pini hakujibu. Hakuweza. Mdomo wake ulikuwa umejaa pini, na mikononi alikuwa na suruali ya mtu aliyenenepa ghafla.

Walikuwa wakigawana kibaraza kimoja, yeye na cherehani yake upande wa mlango, Chaji upande wa barabara na meza ya simu zilizopasuliwa matumbo. Juu ya meza hiyo palikuwa na televisheni ndogo. Mwenyewe aliileta itengenezwe, akapotea, nayo ikaajiriwa palepale. Chaji alimwita Dada Pini shemeji, kwa madai kwamba ipo siku atamwoa mdogo wake. Huyo mdogo alishaolewa zamani, ana watoto, na Chaji anajua.

Asichokijua ni kwamba soda ile alikuwa anadaiwa na mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwake.

Ilianza hivihivi tu. Fundi anayebana pini kwa midomo kutwa nzima huwa hana nafasi ya kusema. Mteja anaeleza, jirani anabishana, redio inapiga kelele, yeye anaitikia kwa nyusi. Basi maneno yakatafuta njia nyingine, yakateremkia kwenye vidole. Jioni, pini zikishalala kwenye kopo, alikuwa anafungua simu na kuandika chini ya habari za watu, kwa jina la Sindano. Kuhusu simu mpya: "Kila mwaka wanabadilisha mfuko, suruali ni ileile." Kuhusu wagombea: "Nguo ya kukodi haina mtu anayeipiga pasi." Kuhusu mtangazaji wa kike aliyesemwa kwa unene wake: "Mwili haukosei. Kipimo ndicho hukosea." Maneno mafupi, kama mishono ya mkono. Watu wakayapenda. Akaanza kuyakuta hata kwenye foleni ya maji, yakisemwa na watu waliomgeukia yeye kumweleza maana yake.

Chaji naye aliwahi kubishana na Sindano huko mtandaoni, kuhusu kompyuta na akili. Sindano alimjibu: "Ndugu yangu, wewe ni kifungo cha akiba. Upo, lakini hufungi kitu." Chaji alinuna siku nzima, na kibaraza chote kikajua anaumwa jino.

Sasa, wiki ile, kituo cha televisheni kilionyesha sura mpya. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa sura ya kijana iliyotengenezwa na kompyuta, meno kama vigae vya bafuni, inasoma habari bila kupepesa. Chini yake kituo kikauliza: "Mnaonaje tukimpa huyu habari za saa saba? Toeni maoni."

Habari za saa saba zilikuwa na mwenyewe. Msomaji, watu walimwita hivyo tu, mwanamume wa makamo mwenye sauti isiyo na haraka. Alikuwa mteja wa Dada Pini wa miaka mingi. Mashati yake ya kazi yalikuwa mawili, yote ya buluu, na kola zake zote mbili Dada Pini alizigeuza mwenyewe: alifumua kola iliyochanika kwenye kikunjo, akaizungusha, upande uliokuwa umejificha chini ukaja juu, akaishona upya. Ukiifanya vizuri, mke wa mtu hagundui.

Basi kwa hasira ya kutaka kumtetea, Sindano akaandika: "Hiyo sura ya kompyuta haina hata kikunjo shingoni. Msomaji wetu wa saa saba kola yake imegeuzwa na bado inasimama wima. Mtu anayetunza shati hivyo hawezi kukupa habari iliyooza."

Kwa mafundi, hiyo ni sifa kubwa. Kola haigeuzwi kwenye shati la ovyo, wala fundi hamgeuzii mtu asiyejua kutunza. Kuambiwa kola yako imegeuzwa ni kama kuambiwa umeoa vizuri. Aliandika, akafunga simu, akalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Asubuhi alikuta moto.

Watu walikuwa wamechukua picha za Msomaji, wakazivuta shingo hadi ikajaa kioo. Wamechora mishale. "Kumbe!" "Mchangieni shati jamani." "Bwana Kola, leo umegeuza na soksi?" Mheshimiwa yule wa kiuno kipana, ambaye Msomaji alimbana wiki iliyotangulia kuhusu paa la soko, naye akapata pa kupumulia. Akaandika kwamba mtu anayeshindwa kununua shati hana haki ya kumuuliza mwenzake habari za bajeti. Maelfu wakacheka.

Dada Pini aliyafuta maneno yake. Haikusaidia, ni kama kuokota pini gizani baada ya mtu kuikanyaga. Wenzake walishayapiga picha, na sasa yalikuwa yanatembea bila yeye.

Mama yake, aliyemfundisha kushona, alikuwa na amri moja tu. "Mwanangu, vipimo vya mtu ni amana. Ukijua bega la mtu lipi limeshuka, umelijua peke yako." Kwa miaka yote hajawahi kumwambia mtu hata kiuno cha bibi harusi. Na sasa ameitangazia nchi shingo ya mtu.

Siku iliyofuata, saa saba, habari zilisomwa na meno ya vigae.

"Bwana Kola wamempumzisha," Chaji alisema, safari hii bila kucheka. "Unajua, shemeji, mimi kompyuta nazipenda, zinanilisha. Lakini hii imesoma habari ya msiba huku inatabasamu."

Kwenye msumari wa ukutani, nyuma ya cherehani, shati moja la buluu lilikuwa linaning'inia. Lililetwa kwa ajili ya kifungo. Kifungo kilishashonwa. Mwenye shati hakuja. Dada Pini aliligeuzia mgongo, akashona, akahisi linamtazama.

Alikuja kesho yake asubuhi. Alivaa fulana ya shingo duara, isiyo na kola kabisa.

"Hamjambo hapa," ilisema sauti ile, na hata mpita njia mmoja akageuka kuangalia televisheni iliyozimwa.

"Hatujambo, kaka. Karibu."

"Nimefuata shati langu."

Dada Pini aliliteremsha. Kisha akazitoa pini mdomoni, mojamoja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichofunga mkononi. Alichukua muda mrefu kuliko pini zenyewe zilivyohitaji.

"Kaka. Yule Sindano wa kwenye simu..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Dada, mji huu una watu wangapi waliowahi kuona ndani ya kola yangu? Wewe na mke wangu. Na mke wangu akitaka kupiga simu ananiita mimi nibonyeze." Alikaa kwenye benchi la wateja. "Nimekujua zamani. Ile ya nguo ya kukodi nikasema, huyu ni fundi. Ile ya kipimo, nikasema, huyu ni fundi wangu. Kila siku kabla ya kuingia studio nakunywa maji, nasoma Sindano kasema nini. Ile ya kiuno nilicheka hadi wakarudia kunipaka poda."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Upande wa barabara, bisibisi ya Chaji ilikuwa imesimama juu ya simu ya mtu.

"Nilikuwa nakusifu, kaka."

"Ndivyo nilivyosoma. Lakini binti yangu alirudi kutoka shuleni, hata begi hajatua, akaniuliza: baba, kumbe sisi ni maskini kiasi hicho?" Msomaji aliziangalia nyayo zake. "Nasoma vita, nasoma mafuriko, nasoma majina ya watu wa mbali yasiyotamkika. Sikwami. Hapo nilikwama."

Dada Pini alikosa mahali pa kuweka mikono. "Nisamehe."

Msomaji alilishika shati, akalifungua kola kama mtu anayefungua kinywa cha mgonjwa. "Leo wananirudisha kwenye kiti. Mara moja. Wanataka waone watu watasema nini huko chini. Wakinicheka tena, kiti ni cha yule kijana wa meno. Mke wangu ananiambia nunua jipya. Nikivaa jipya leo, watasema wamenivalisha. Nikivaa hili, wataangalia shingo, na habari yenyewe hakuna atakayeisikia."

Dada Pini alilichukua. Kola iligeuzwa mara moja tayari. Pande zote mbili zimekula siku zake, haina upande wa tatu. Alilitandaza mezani, akapitisha kiganja kifuani, mabegani, mgongoni, mpaka chini kabisa, kwenye kile kipande cha nyuma kinachochomekwa ndani ya suruali. Hapo kiganja kikasimama. Kitambaa kilikuwa bado kinene, buluu ya dukani, hakijawahi kuonana na jua.

"Unachomekea siku zote?"

"Siku zote."

"Na husimami?"

"Tangu nianze sijawahi kusimama mbele ya watu. Wengine wanadhani sina miguu."

"Basi nipe nafasi kidogo."

Alichukua wembe, akaifumua kola uzi kwa uzi, akaitumia ileile ya zamani kama kielelezo. Akaikata kola mpya kutoka kwenye mkia wa shati. Mkasi ulilia kwa sauti ya kitambaa kizima. Palipobaki pengo alipekua gunia la vipande, akapima uzito kwa vidole, akatupa, akapima, mpaka akatoa kipande cha pazia lake mwenyewe la zamani.

"Vimaua?" Msomaji akauliza.

"Vyekundu. Ndicho chenye uzito sawa. Kizito kitavuta, chepesi kitachomoka kwenye suruali."

Kwa mara ya kwanza tangu aje, mtu yule akacheka, kicheko kisicho cha televisheni, kina mikwaruzo.

"Kola itakuwa imekolea kuliko shati," Dada Pini alisema. "Kidogo tu. Zile taa zitaimeza."

"Na zisipoimeza?"

"Basi watasema nimekosea rangi. Hilo waniseme mimi."

Cherehani ilianza kukimbia. Chaji alivumilia alivyoweza, halafu akashindwa.

"Shemeji."

Cherehani iliendelea kukimbia.

"Shemeji, samahani. Ni wewe uliyeniita kifungo cha akiba?"

Dada Pini alinyoosha mkono kwenye kijimto, akachukua pini zote, akazirudisha mdomoni.

"Si ndiyo hivyo!" Chaji alimgeukia Msomaji. "Umeona, kaka? Umeona jinsi watu walivyo? Nakaa naye hapa, namgawia chaji, ananigawia matusi!"

"Mimi kaniweka kwenye picha zenye mishale," Msomaji alisema. "Wewe una nafuu."

Shati lilipokamilika, Msomaji alilivaa palepale, akachomekea nyuma ya mlango, akafunga kifungo cha shingo. Kola ilisimama. Dada Pini alimzunguka mara moja, akavuta bega la kushoto, lile lililoshuka, mpaka likalingana na la kulia. Hakusema kwa nini.

Saa saba Chaji aliiwasha televisheni, akaipiga kofi la upande, picha ikatulia. Msomaji alikuwa kwenye kiti. Habari ya kwanza ilikuwa ya paa la soko na mheshimiwa, na aliisoma kama anavyosoma mvua: bila kuinua sauti, bila kuharakisha, kila jina na uzito wake.

"Wameanza," Chaji alisema, kidole kwenye simu. "'Kola iko wapi?' Mwingine: 'Mbona iko sawa?' Mwingine: 'Imekolea, au ni macho yangu?' Huyu anamwambia mwenzake nyamaza, nasikiliza habari ya soko." Akateremsha kidole. "Wanamtafuta Sindano. Sindano uko wapi, toa neno." Akamtazama kwa pembeni. "Shemeji, unaitwa."

Simu ya Dada Pini ilikuwa wazi juu ya meza ya cherehani, kando ya kile kilichobaki cha pazia. Nafasi ya kuandikia ilikuwa tupu, na kale kamstari kalikuwa kanawaka na kuzimika, kanawaka na kuzimika. Mikono yake ilikuwa na suruali ya yule mtu aliyenenepa. Hakuiachia.

Kwenye kioo Msomaji alijinyoosha mbele kugeuza karatasi, shati likakaza mgongoni, na Dada Pini akaacha kupumua. Kipande cha pazia kikashika. Msomaji akarudi nyuma, akaendelea.

Habari zikaisha. Akawaaga watazamaji, muziki wa kufungia ukapanda, taa za studio zikaanza kufifia. Yeye alibaki ameketi, mikono inapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Huyu naye," Chaji alisema, "mbona hainuki?"

Dada Pini, pini mdomoni, akavikumbuka vile vimaua chini ya mkanda, akaitikia kwa nyusi.