Aliyemtwisha Halidi

Kaka yangu Halidi alishtakiwa kuiba gunia la iliki kwenye stoo ya Mwembesongo alikokuwa kibarua. Yeye alisema katumwa na Mikaeli, karani wa stoo, alipeleke kwenye bajaji. Mikaeli akakana. Polisi wakasema kamera imemwonyesha Halidi akitoka na mzigo, basi.

"Akiri tu apunguziwe kifungo," mjomba Kibwana aliniambia nje ya mahakama. "Kamera haina ukoo na mtu."

"Mjomba, umeiona hiyo picha?"

"Nitaionea wapi?"

"Na Halidi je, kaonyeshwa?"

"Zuleha, umeishia la saba, leo umekuwa wakili?"

"Wakili mwingine tunaye, mjomba?" Akacheka bila kupenda.

Nilikuwa nimekaa sana benchi la nyuma nikisikiliza kesi za watu. Nilishamwona mama mmoja akiomba aonyeshwe ushahidi, hakimu akakubali, wala hakugombezwa. Nikaenda mahabusu kumwona Halidi.

"Gunia lile unaweza kujitwika peke yako?"

"Lile? Shingo ingekatika!"

"Basi omba waonyeshe kuanzia ulipotwishwa, siyo mlangoni."

Kwetu milimani mzigo mzito wa kichwani ni wa watu wawili. Hata mliyenuniana naye utamwita, "Njoo unitwishe."

Siku ya kesi Mikaeli alitoa ushahidi wake, kisha picha ikawekwa. Halidi anatoka mlangoni, gunia kichwani. Ikazimwa.

"Mheshimiwa," Halidi akasema, "naomba kuiona yote. Tangu gunia likiwa chini."

Mwendesha mashtaka akasema kipande hicho kinatosha.

"Kinamtosha nani?" hakimu akauliza. "Mshtakiwa atajiteteaje kwa asichokiona? Rudisha mwanzo."

Ikarudishwa. Halidi amechuchumaa, ngata kichwani. Mtu mwenye shati la bluu ananyanyua gunia, anamtwisha, halafu anamwonyesha bajaji kwa kidole. Akageuka, tukamwona uso.

"Shahidi, yule ni nani?" Halidi akauliza.

Mikaeli aliikodolea macho skrini. "Ni mimi. Lakini nilimsaidia tu."

"Kuiba?" mtu akadakia nyuma yangu. Hakimu akagonga meza.

Kesi ilipoitwa tena, mwendesha mashtaka alisema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Halidi akaachiwa. Mjomba alimshika mkono hadi nje, hataki kuuachia.

"Sasa Mikaeli afungwe," akasema.

"Ashtakiwe kwanza, mjomba. Na yeye aonyeshwe picha yote."